Jimbo la Mississippi: Mto Wake, Pamba Yake na Bendera Zake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani, katika bwalo la shule)



 Katibu wa Chama aliponiandikia barua aliniomba nizungumzie jambo lolote la elimu nilipendalo, ila akaongeza kwamba mkutano huu una ajenda moja nzito, nayo ni shauri la kubadili majina ya mabweni na nembo ya shule. Niliona si vema nije kuwapigia kampeni kabla mjadala haujafunguliwa. Kwa hiyo nimeamua kuwapeleka mbali kidogo, kwenye jimbo moja la kusini mwa Marekani ambalo limehangaika na alama zake kwa zaidi ya miaka mia moja. Jimbo hilo ni Mississippi. Mkisha kusikia habari zake, kila mmoja atajipimia mwenyewe.

Jina hilo wengi tunalijua kwa sababu ya somo la jiografia. Ni nani kati yetu hakuuchora mto Mississippi ubaoni, pamoja na delta yake iliyo mfano wa mguu wa ndege? Lakini hapa yafaa wadogo zetu wawe waangalifu katika mtihani. Delta ile ya mguu wa ndege imo katika jimbo la Louisiana. Jimbo la Mississippi liko juu zaidi, upande wa mashariki wa mto. Neno lenyewe latokana na lugha ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa kaskazini, na maana yake ni mto mkubwa.

Jimbo hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 125,000. Kaskazini limepakana na Tennessee, mashariki na Alabama, kusini na magharibi na Louisiana, na ng'ambo ya mto upande wa magharibi ni Arkansas. Ncha yake ya kusini inagusa Ghuba ya Mexico, na huko ndiko iliko miji ya pwani ya Biloxi na Gulfport, ambayo ilipigwa vibaya na tufani za Camille mwaka 1969 na Katrina mwaka 2005. Milima hakuna. Mahali palipoinuka kuliko pote, paitwapo Woodall Mountain, pana mita 246 tu juu ya usawa wa bahari; wenzetu waliozaliwa Upare au Uluguru watapaita kichuguu. Hesabu ya mwaka 2020 ilipata watu 2,961,279, na zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu ni Mmarekani mweusi. Hakuna jimbo jingine la Marekani lenye sehemu kubwa namna hiyo ya watu weusi. Mji mkuu ni Jackson, uliopewa jina la Jenerali Andrew Jackson, ambaye baadaye alikuwa Rais.

Kaskazini-magharibi, kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, kuna nchi tambarare ambayo wenyewe huiita Delta, ingawa iko mbali sana na bahari. Kwa maelfu ya miaka mafuriko yalikuwa yakimwaga matope mahali hapo, hata ardhi ikawa nyeusi na yenye rutuba nyingi. Ili waweze kulima, watu walijenga matuta makubwa ya udongo kando ya mto. Mwezi Aprili 1927 mto uliyabomoa matuta hayo karibu na mji wa Greenville, ukafunika mashamba na nyumba. Vibarua weusi waliwekwa katika kambi juu ya tuta na kulazimishwa kufanya kazi, wengine wakilindwa kwa bunduki wasiondoke. Nayataja hayo ili muone kwamba katika jimbo hili jiografia na historia haziwezi kutenganishwa. Rutuba ile ile iliyoleta utajiri ndiyo iliyoleta minyororo.

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Kabla ya Wazungu, nchi hiyo ilikuwa ya Wachoctaw, Wachickasaw, Wanatchez na makabila mengine. Mhispania Hernando de Soto alifika mtoni mwaka 1541. Wafaransa walijenga ngome pwani mwaka 1699. Waingereza wakafuata, kisha Wahispania, na mwishowe Wamarekani. Tarehe 10 Desemba 1817 Mississippi likapokewa kuwa jimbo la 20 la Marekani. Ikumbukeni hiyo namba 20, maana tutaikuta tena kwenye bendera.

Mwaka 1830 Wachoctaw walitiwa katika mkataba uliowanyang'anya ardhi yao, na mwaka 1832 ikawa zamu ya Wachickasaw. Wengi walihamishwa kwenda magharibi, na maelfu wakafa njiani kwa baridi, njaa na kipindupindu. Wachache waliobaki, vizazi vyao vipo Mississippi mpaka leo. Ardhi iliyoachwa wazi ikagawanywa, na wenye mashamba wakaja na watumwa wao kulima pamba. Mwaka 1860 jimbo lilikuwa na watu 791,305, na kati yao 436,631 walikuwa watumwa. Katika kila watu mia, watumwa walikuwa hamsini na watano.

Basi haikuwa ajabu kwamba tarehe 9 Januari 1861 Mississippi lilikuwa jimbo la pili kujitenga na Marekani. Siku hizi wapo wanaosema kwamba vita vile vilipiganwa kwa sababu ya kodi au haki za majimbo. Wajumbe wa Mississippi wenyewe waliandika tamko la kueleza sababu zao, na mwanzoni kabisa wakataja utumwa. Seneta wao, Jefferson Davis, akafanywa Rais wa majimbo yaliyojitenga. Mji wa Vicksburg, ulio juu ya ukingo wa mto, ulizingirwa kwa siku 47 na ukaanguka tarehe 4 Julai 1863. Mwaka 1865 vita vikaisha na watumwa wakawa huru.

Baada ya vita palipita miaka michache ya matumaini. Mwaka 1870 Hiram Revels wa Mississippi alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika Baraza la Seneti la Marekani. Mwaka uliofuata ulianzishwa Chuo Kikuu cha Alcorn kwa ajili ya vijana weusi, naye akawa mkuu wake wa kwanza. Blanche Bruce, aliyezaliwa mtumwa, alikaa katika Seneti kipindi kizima tangu 1875 hadi 1881.

Lakini wenye nguvu za zamani walirudi. Hapo, ndugu zangu, nawaomba mzisome tarehe mbili kwa pamoja. Mwaka 1890 ilitungwa Katiba mpya ya jimbo. Wakati huo watu weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wote. Katiba hiyo haikusema popote kwamba mtu mweusi asipige kura. Ilisema tu kwamba mpiga kura awe amelipa kodi ya kichwa ya dola 2, na kwamba aweze kusoma kifungu cha Katiba, au akisomewa aweze kukieleza. Aliyeamua kama maelezo yametosha alikuwa karani. Mzungu asiyejua kusoma alipita, na mwalimu mweusi aliambiwa hakukieleza kifungu vizuri. Babu zetu nao waliijua kodi ya kichwa, ila wao waliilipa bila hata kudanganywa kwamba ni kwa ajili ya kura. Katiba hiyo hiyo iliagiza pia kwamba watoto weusi na watoto wa Kizungu wasome katika shule mbalimbali.

Tarehe ya pili ni 1894. Mwaka huo, Baraza la Kutunga Sheria lilipitisha bendera ya jimbo yenye mistari mitatu, na katika pembe yake ya juu likaweka alama ya bendera ya vita ya majeshi ya kusini, yaani msalaba wa buluu wenye nyota juu ya nguo nyekundu. Tangu vita viishe ilikuwa imepita miaka 29. Bendera ile ilipandishwa na watu waliokwisha kuwafungia wenzao sanduku la kura, na kila mtoto mweusi aliyekwenda shule aliiona mlingotini.

Wakati huo huo alama nyingine ilikuwa ikichipua kwa njia tofauti kabisa. Mwezi Novemba 1900 watoto wa shule waliombwa wachague ua la jimbo lao. Kura zilizopigwa zilikuwa 23,278. Ua la mti wa magnolia, jeupe, kubwa kama sahani na lenye harufu nzuri, lilipata kura 12,745. Ua la pamba lilipata 4,171 tu. Mwaka 1935 watoto wa shule wakaulizwa tena, safari hii kuhusu mti, nao wakachagua magnolia, na sheria ikauthibitisha mwaka 1938. Ua lenyewe halikuthibitishwa na sheria mpaka mwaka 1952. Yaani uamuzi wa wanafunzi ulikaa miaka zaidi ya hamsini ukisubiri mhuri wa wakubwa.

Ndugu Mwenyekiti, siwezi kusema habari za Mississippi nisiwataje walioumia ili mambo yabadilike. Mwezi Agosti 1955 kijana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliyetoka Chicago kuwatembelea jamaa zake katika Delta, aliuawa kikatili. Walioshitakiwa waliachiwa na mahakama, kisha wakakiri gazetini kwamba ndio waliomwua. Mwaka 1962 James Meredith aliingia Chuo Kikuu cha Mississippi akiwa mwanafunzi mweusi wa kwanza kukubaliwa pale. Ghasia zilizotokea usiku wa kuamkia siku yake ya kwanza ziliua watu wawili, na serikali ya Marekani ikalazimika kupeleka maelfu ya askari ili mtu mmoja aweze kukaa darasani. Aliendelea kusoma, akahitimu mwaka 1963.

Medgar Evers alisoma chuo kile cha Alcorn nilichokitaja. Aliifuata kwa moyo habari ya kupigania uhuru Kenya, hata mtoto wake wa kiume wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1953, akampa jina la Kenyatta. Fikirini maana yake: mwaka ule Mzee Jomo Kenyatta alikuwa amehukumiwa na wakoloni kuwa mhalifu, na huku katika jimbo la Mississippi mtu mweusi anamwita mwanawe kwa jina hilo. Evers alipigwa risasi mbele ya nyumba yake mjini Jackson usiku wa tarehe 12 Juni 1963. Aliyemwua alitiwa hatiani mwaka 1994, miaka 31 baadaye. Leo uwanja wa ndege wa Jackson una jina la Evers.

Yupo pia Mama Fannie Lou Hamer, mkulima wa pamba katika wilaya ya Sunflower. Mwaka 1962 alikwenda kujiandikisha kupiga kura, na siku ile ile akafukuzwa kwenye shamba alilofanyia kazi miaka 18. Mwaka 1963 alipigwa gerezani hata akapata kilema cha maisha. Mwaka 1964 alisimama mbele ya mkutano mkuu wa chama cha Democrats akayaeleza hayo yote, nchi nzima ikamsikia kwa televisheni. Wiki chache baadaye alizuru Guinea, akapokewa na Rais Sékou Touré, na akashangaa kuona watu weusi wakiendesha ndege na kukaa katika ofisi za serikali. Mwaka 1964 walioandikishwa kupiga kura katika Mississippi walikuwa kama watu weusi 7 tu katika kila 100 waliostahili. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ikapitishwa mwaka 1965. Kufikia 1967 walikuwa karibu 60 katika kila 100.

Sasa nirudi kwenye bendera, na hapa mniwie radhi kidogo, maana mimi ni mtu wa masjala. Mwaka 1906 jimbo lilipanga upya sheria zake zote katika kitabu kimoja. Sheria ya bendera ikasahauliwa, haikuandikwa humo. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua kwamba, kwa kuwa sheria zisizomo ndani ya kitabu kile zilifutwa, Mississippi lilikuwa halina bendera halali tangu 1906. Kwa miaka 94 ilipandishwa, ikapigiwa saluti na kugombewa, bila jalada.

Wakubwa wakaitisha kura ya maoni mwezi Aprili 2001. Watu 64 katika kila 100 waliopiga kura wakataka bendera ya zamani ibaki. Wengi tungedhani shauri limekwisha. Lakini mwezi Oktoba 2015 baraza la wanafunzi la Chuo Kikuu cha Mississippi, chuo kile kile kilichomkataa Meredith, lilipiga kura kutaka bendera ile ishushwe pale chuoni, na uongozi wa chuo ukaishusha. Mwezi Mei 2020 George Floyd aliuawa na polisi mjini Minneapolis, na maandamano yakaenea kila mahali. Vyama vya michezo vikatangaza kwamba havitapeleka mashindano Mississippi maadamu bendera ni ile, viongozi wa makanisa wakasema, wanamichezo wakasema. Tarehe 28 Juni 2020 Baraza la Kutunga Sheria likapiga kura kuiondoa, 91 kwa 23 katika nyumba moja na 37 kwa 14 katika nyumba ya pili. Gavana akatia sahihi siku mbili baadaye, na bendera ya zamani ikapelekwa makumbusho.

Kamati ya watu tisa ikaundwa, na wananchi wakaleta michoro karibu 3,000. Mchoro ulioshinda ukapelekwa kwa wapiga kura Novemba 2020, na zaidi ya asilimia 70 wakaukubali. Katikati ya bendera hiyo mpya kuna ua jeupe la magnolia, lile lile lililochaguliwa na watoto wa shule mwaka 1900. Limezungukwa na nyota nyeupe 20, kwa kuwa ni jimbo la 20, na juu yake kuna nyota moja ya dhahabu kwa heshima ya wenyeji wa asili, wale Wachoctaw na wenzao.

Kuna karatasi moja zaidi. Mwaka 1865 Mississippi lilikataa kuridhia badiliko la Katiba ya Marekani linalofuta utumwa. Badiliko likapita bila ya kura yake. Mwaka 1995 Baraza la jimbo liliona haya, likapiga kura na kuridhia. Ila taarifa haikupelekwa rasmi Washington. Mhadhiri mmoja aligundua kasoro hiyo baada ya kutazama filamu ya habari za Rais Lincoln, na hati ikapokelewa na kuandikishwa mwezi Februari 2013. Watu waliokwisha kupiga kura kwa dhamiri safi walingoja miaka 18 kwa ajili ya barua moja.

Ndugu zangu, sikuyasema haya ili tuilinganishe shule yetu na mashamba ya Delta. Majina ya maofisa wa kikoloni juu ya milango ya mabweni yetu si mzigo mkubwa kama ule. Wapo wazee hapa wanaoyapenda majina hayo kwa kuwa ndimo walimolala, wakaugua malaria wakauguzana, na wakapata marafiki wa maisha. Upendo huo ni wa kweli, nami ninao. Lakini tujiulize, majina yale yaliwekwa na nani, mwaka gani, na nani hakuulizwa. Kijana wa Kidato cha Kwanza anayeuliza maana ya jina la bweni lake ana haki ya kupata jibu ambalo hatutaona haya kulitamka.

Kwa hiyo, mjadala utakapofunguliwa, nitatoa hoja tatu. Kwanza, wanafunzi waliopo wapige kura yao wenyewe, na hesabu yake isomwe mbele yetu kabla sisi wakubwa hatujapiga yetu. Pili, jina lolote litakaloondolewa lisitupwe, bali kibao chake kiwekwe maktaba pamoja na maelezo ya nani aliliweka na lini. Tatu, uamuzi wowote utakaofikiwa, uwe wa kubadili au wa kuacha, uandikwe katika kumbukumbu za mkutano, utiwe sahihi, na barua ipelekwe Wizarani wiki hii hii. Kazi hiyo ya barua niko tayari kuifanya mwenyewe, na nakala nitamkabidhi Mkuu wa Shule mkononi.